Maji ya Chemka yalinidanganya mchana kweupe!

Msomaji wangu mpenzi, kidogo tu nafasi hii ingejazwa na tangazo la rambirambi lenye picha yangu ya paspoti. Usicheke. Vuta kiti, tulia, nikusimulie yaliyonikuta.

Wanaonifahamu wanajua kwetu ni Pangani, mkoani Tanga, pale mto unapoingia baharini. Basi mtu akishasikia "mtoto wa Pangani" anadhani nimezaliwa na mapezi. Hapa Dar kila inapopangwa safari ya ufukweni mimi ndiye wa kwanza kuitwa: "Njoo wewe utufundishe kuogelea bwana!" Nami huenda, nikachovya miguu, nikawashikia watu viatu na simu zao, nikarudi na nywele kavu. Hakuna aliyewahi kushtuka. Leo nasema ukweli: mwenzenu sijui kuogelea. Hata kuelea sijui. Sababu yake nitaieleza mbele ya safari.

Sasa nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Boma Ng'ombe, Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Kazi yake udereva. Mzungu mmoja aliyekuwa akimwendesha aliporudi kwao alimwachia jiko la gesi, hema lenye tundu na kitu kimoja kimekunjwa kama godoro la mgeni. Kaka alikiweka darini miezi kadhaa. Siku alipokijaza upepo akakuta ni mtumbwi!

Ndiyo kayaki hiyo. Ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, na kafi lake lina bapa huku na huku. Unapiga kulia, unapiga kushoto, huna haja ya kuhamisha mkono. Walioanza kukitumia ni wawindaji wa Kiinuiti wa nchi za barafu huko kaskazini ya dunia, waliokiwamba kwa ngozi za wanyama wa baharini. Siku hizi zipo za plastiki, na zipo kama hii ya kaka, ya kupuliza.

Akanipigia simu. "Mdogo wangu, wewe si ndiye unajiita mtembezi gazetini? Njoo Chemka uone maji. Halafu uniambie kama huko kwenu Pangani mmewahi kuona maji ya namna hiyo."

Maneno hayo yalinichoma. Nikafunga mkoba.

VUMBI LA RUNDUGAI

Basi la asubuhi kutoka Dar lilinifikisha Boma Ng'ombe jioni, mgongo umekufa ganzi. Wifi alikuwa ameshaandaa mtori, nikala nikalala kama gogo. Alfajiri kaka akaniamsha. "Twende mapema kabla watu hawajajaa. Ikifika saa tano pale pana muziki na mishikaki."

Tulikodi bodaboda mbili, moja ya kwetu na moja ya kayaki, ambayo ilifungwa kwa mpira nyuma ya dereva kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Ukiwa kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha unakata kusini, unauacha Mlima Kilimanjaro mgongoni. Asubuhi hiyo Mlima ulikuwa umejifunua wote, mita zake 5,895, hauna hata wingu la kujifunika.

Bwana wee, lile vumbi! Nilivaa blauzi nyeupe kwa ajili ya picha, nikafika nimevaa ya kaki. Huku na huku ni migunga na nyasi kavu, mbuzi wanatafuna nisichokiona, na punda wamebeba madumu ya maji. Tulipopita kijiji cha Rundugai nikamuuliza kaka kwa sauti ya kushindana na pikipiki: "Katika ukame huu hiyo mito itatoka wapi?"

Akajibu, "Tulia."

Ghafla mbele yetu kukaota msitu. Si msitu mkubwa, ni kama kijani kimedondoshwa jangwani. Mikuyu mikubwa, mizizi yake imetambaa mpaka majini kama vidole vya bibi kizee, na minazi-pori imesimama nyuma yake. Tukalipa kiingilio, tukashuka hatua chache, na hapo mwenzenu nikasahau vumbi, mgongo na blauzi.

Maji ya pale, msomaji, usiulize yana rangi gani. Kwenye kivuli yana rangi ya chupa ya kijani, jua likiyapiga yanageuka buluu, na ukiinama karibu hayana rangi kabisa. Unaona mchanga chini. Unaona jani lililozama limelala chali. Unaona samaki wadogo wakija kwa makundi kudonoa miguu ya watu, na kivuli cha kila samaki kikimfuata chini kwenye mchanga. Juu ya matawi tumbili wanakupigia hesabu ya chakula ulichobeba.

Jina ni Chemka, na vibao vya watalii vinasema "maji ya moto", lakini usije ukaenda na majani ya chai. Maji ni vuguvugu tu, hayana ule ubaridi wa kukata pumzi. Hayachemki kwa joto, bali yanasukumwa na kububujika kutoka ardhini.

Na yanatoka wapi? Wengi wetu tunadhani ni theluji ya Mlima imeyeyuka. Kumbe theluji ile mchango wake ni mdogo mno. Maji mengi ya chemchemi za huku ni mvua iliyonyesha kwenye msitu wa mlimani, ikanyonywa na ardhi, ikapenya polepole kwenye miamba ya volkano na kujitokeza huku chini kwenye ukame. Miamba ndiyo chujio lake. Ndiyo maana hayana tope. Na ndiyo maana anayekata msitu kule juu anamfungia mtu bomba huku chini.

KWETU CHINI HAKUONEKANI

Kaka akaanza kupuliza mtumbwi wake kwa pampu ya mguu, fyoo, fyoo, na watoto wa pale wakamzunguka. Mimi nikakaa kwenye mzizi wa mkuyu, nikatazama ule mchanga wa chini. Nikatazama sana. Kaka akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nilikuwa nafikiria kwamba maji haya haya ndiyo ya kwetu. Kutoka Chemka yanaingia Mto Kikuletwa, Kikuletwa unamwaga kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na kutoka pale ndipo unaanza Mto Pangani. Unateremka bonde lote hilo, unamwagilia mashamba, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, megawati 21, na ya maporomoko ya Pangani, megawati 68, halafu ndiyo unafika mlangoni kwetu. Ila ukifika umeshachoka na umeshabeba udongo wa kila mkoa. Mto wa kwetu ni wa kahawia kama chai ya maziwa. Ukiingiza mkono mpaka kiwiko, vidole huvioni.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa akiuza mihogo na pweza karibu na pantoni. Kaka yangu wa kuzaliwa naye, mwenye miaka kumi na miwili, alitoka shule akapitia mtoni na wenzake kuoga. Wenzake walirudi. Hakuna aliyemsikia akipiga kelele. Wazee waliingia kumtafuta kwa kupapasa na miguu, maana macho hayakusaidia kitu, na walimpata kesho yake asubuhi.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu maji yakabaki kuwa ya ndoo. Mama hakutupiga, hakutufokea, alisema mara moja tu kwamba hataki kuona mtoto wake kalowa juu ya kifundo cha mguu. Hatukumwuliza swali. Nimekua nikiusikia mto usiku kucha, na sijawahi kuuingia.

Kwa hiyo pale Chemka nilichokiona si uzuri peke yake. Niliona chini. Nikajisemea moyoni: laiti mto wetu ungekuwa hivi, mtu angeonekana. Nikayaamini maji yale kama unavyomwamini mtu mwenye uso wa upole. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

"HAPO HATA BABA HAFIKI CHINI"

Kaka ana jaketi moja tu la kuokoa maisha, la rangi ya chungwa. Akanivisha mimi, akanifunga mikanda, akanikalisha kwenye kayaki na kunipa kafi. "Piga taratibu. Usiinuke, usiegemee upande." Dakika kumi za kwanza nilizunguka mahali pamoja kama jiwe la kusagia, vijana wanaojirusha kwa kamba kutoka mtini wanaacha kujirusha wanacheka. Baadaye mkono ukakubali. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mtumbwi ukateleza juu ya maji yale, na kwa jinsi yalivyo maangavu unajiona kama unaelea hewani na kivuli chako kinatembea chini peke yake. Nilicheka kwa sauti. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka hivyo.

Sasa sikia ujinga wa mtu wa gazeti. Nikakumbuka picha. Lile jaketi lilinifanya nionekane kama mfanyakazi wa barabarani. Nikalifungua, nikaliweka nyuma yangu. Kaka yuko ukingoni na simu: "Ee, hapo hapo, cheka!" Nikatazama chini, nikaona mchanga uleee, karibu kabisa, maji ya kifuani hayafiki. Nikaona picha nzuri itakuwa nimesimama majini, nimeshika mtumbwi kwa mkono mmoja kama wale wa kwenye kalenda.

Nikashusha mguu. Nikashusha na wa pili. Nikajiachia.

Chini hapakuwapo.

Wahenga wanasema mfa maji haachi kutapatapa. Nawaheshimu wahenga, lakini mimi nilitapatapa mara mbili tatu tu. Nilipofungua mdomo nipige kelele yaliingia maji, na mdomo ukijaa maji hauna kelele. Macho yangu yalikuwa wazi muda wote, na nilikuwa naona kila kitu! Niliona tumbo la kayaki likisogea mbali. Niliona miguu ya watu ukingoni. Nilimwona hata kaka, amepindapinda juu ya maji, bado kanielekezea simu, anafikiri nafanya mizaha. Wala sikuwa mbali naye, ni kama kutoka mlangoni mpaka dirishani.

Aliyenitambua ni mtoto wa kiume mmoja wa pale, sijui kama amefika darasa la sita. Alikuwa anaelea kwenye tairi. Hakunirukia, kwa sababu watoto wa mtoni wanajua kwamba anayezama hukukumbatia mkazama wote. Alitoka ndani ya tairi lake, akalisukuma kwa nguvu mpaka likanigonga usoni, akapiga ukunga: "Huyu anakufa maji! Huyu hajui!" Mkono wangu ukashika mpira. Kaka akaingia na viatu vyake.

Walinilaza ukingoni, nikakohoa mpaka machozi. Muziki ulikuwa haujaanza bado, hivyo kila mtu alisikia. Kaka alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Anarudia neno moja tu, "Ningemwambia nini mama mdogo? Ningemwambia nini mama mdogo?"

Yule mtoto akachuchumaa mbele yangu, akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyefeli kizembe. "Dada, hapo hata baba hafiki chini."

"Mbona niliona chini?"

"Ndiyo, panaonekana. Lakini hapafikiki."

Mzee mmoja mwenyeji, amekaa na fimbo yake, akaniita. "Mwanangu, njoo." Akaichovya fimbo majini kwa kuiinamisha. Ilipogusa maji ikaonekana imevunjika, nusu ya chini imepanda juu. "Unaona? Maji haya yanapandisha chini yake. Wageni kila siku yanawaponza."

Hapo ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia wa sekondari na penseli yake ndani ya glasi. Aliandika ubaoni kwamba mwanga ukitoka kwenye maji kwenda hewani unapinda, kwa hiyo kitu kilicho chini huonekana kiko juu kuliko kilipo. Ukitazama wima, maji ya kina cha mita nne unayaona kama ya mita tatu. Ukitazama kwa kuinamia pembeni, kama mimi nilivyokaa kwenye mtumbwi, kina kinaonekana kifupi zaidi ya hapo. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani nikalipata. Chemka nikalikosa.

Maji maangavu hayakufichi kitu, lakini hayakwambii yote. Ya kwetu Pangani, pamoja na tope lake, hayajawahi kumwahidi mtu kwamba chini ni karibu.

NIKARUDI TENA

Kaka alitaka tukunje mtumbwi twende zetu. Nikakataa. Nilijua nikiondoka hivyo sitarudi kwenye maji mpaka nazeeka, nami nitawaambia wanangu yale yale ya ndoo. Nikaomba jaketi. Safari hii nilifunga mikanda mwenyewe, nikaikaza mpaka pumzi ikapungua. Kaka akakaa nyuma, yule mtoto akaogelea ubavuni kama askari wa msafara, na mzee akatuwekea mpaka: "Mwisho wenu pale maji yanapojikusanya kuondoka. Msivuke. Huko chini mtoni kuna mamba, na mamba hajui kama wewe ni mgeni."

Tulikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka saa tano, muziki ukaanza na watu wakajaa. Sikushuka kwenye kayaki. Ila nilitia mkono majini, kisha mkono wote, na kabla hatujaondoka nilishikilia mzizi wa mkuyu, na jaketi langu mwilini, nikaacha miguu ielee. Mtoto akasema, "Usiishupaze shingo." Nikailegeza. Nikaelea. Dakika moja labda, lakini ni dakika yangu.

Jioni nikampigia mama. Nilipanga kumficha, nikashindwa. Nikamwambia yote, na picha na jaketi na tairi. Akanyamaza muda mrefu nikadhani salio limekwisha.

Kisha akauliza, "Hayo maji yakoje?"

"Meupe, mama. Chini kunaonekana."

"Na ndiyo haya yanayokuja huku?"

"Ndiyo haya haya."

Akanyamaza tena. "Basi jifunze kuogelea. Na mdogo wako aje huko Dar likizo mjifunze wote. Mimi nilidhani nikiwakataza inatosha."

Hayo ndiyo maneno niliyorudi nayo, msomaji, kuliko picha zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao laki tatu walikufa maji duniani kote, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kukumbushana jambo hili. Sisi wa kando ya mito na bahari wengi tumefundishwa kuyaogopa maji tu, na woga haumfundishi mtu kuelea.

Kwa hiyo ukienda Chemka, na nakushauri uende, shika haya manne. Fika asubuhi mapema, maji yametulia na watu hawajajaa. Jaketi ukishalivaa usilivue, hata kwa picha ya harusi. Kina kiulize kwa mwenyeji au kwa fimbo ndefu, usiliulize jicho lako. Na ukimwona mtu majini kanyamaza, kainua kichwa na mdomo uko usawa wa maji, usidhani anastarehe. Mrushie tairi, dumu tupu, kamba, chochote kinachoelea, halafu ndiyo upige kelele.

Na ukimkuta kijana mdogo anaelea kwenye tairi jeusi, mnunulie soda. Mimi nilimwachia blauzi yangu nyeupe ampelekee mama yake, akaikataa. Alisema ina vumbi.

Jumamosi naanza mafunzo ya kuogelea. Wale niliowashikia viatu miaka yote hii, safari hii mtanishikia vyangu. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.